Kutumwa na Sahani: Mwongozo kwa Mzazi wa Mtoto Mwenye Haya na Jirani Yake Mzee

Mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama yake wageni wakibisha hodi, na bibi wa nyumba ya pili ambaye wanawe wamehamia mbali na simu yake hulia sikukuu kwa sikukuu tu, wanaweza kushibana wakawa marafiki wa kweli. Urafiki wa namna hii ukiharibika huharibika mapema, na mara nyingi anayeuharibu ni mzazi mwenye nia njema. Huuharibu mlangoni, siku ya kwanza, kwa maneno ambayo sote tumeyasikia: "Haya, msalimie bibi! Huna mdomo? Msamehe bibi, huyu ana aibu huyu, hata shuleni haongei."

Hapo mtoto amesimamishwa mbele ya watu kwa jambo lilelile linalomshinda, kisha akabandikwa jina. Bibi naye ameambiwa kwamba mgeni wake ana kasoro. Wote wawili watakumbuka, na safari ya pili itakuwa nzito kuliko ya kwanza.

Shauri langu kubwa ni moja: usiwakutanishe hawa wawili ili waongee. Wakutanishe kwa kazi. Mpe mtoto kitu mkononi na sababu ya kwenda, mwachie mzee nafasi ya kuwa mtu anayehitajiwa na anayejua jambo, kisha ondoka njiani. Mengine yote nitakayosema hapa yanafuata kutoka hapo.

Kabla ya kumtuma

Kwanza mwamini mtoto wako kwamba hafanyi makusudi. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapima watoto wachanga wa miezi minne kwa kuwaonyesha vitu vigeni na kuwasikilizisha sauti mpya. Karibu mmoja katika kila watano alirusha mikono na miguu na kulia. Alipoendelea kuwafuatilia, hao ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukua wakiwa wazito wa kuzoea watu, ingawa si wote waliokua hivyo. Kuna watoto wanaozaliwa na mwili unaoshtuka upesi. Kuwafokea huongeza mshtuko. Kuwapa muda na mazoea huupunguza.

Kuna mawili ya kuchunguza. Hakikisha mtoto anasikia vizuri, maana mtoto asiyesikia sawasawa huonekana mkimya. Na kama nyumbani anaongea kwa raha lakini shuleni hatoi neno lolote kwa zaidi ya mwezi mmoja, baada ya zile wiki za mwanzo za kuzoea darasa, mpeleke kwa mtaalamu wa watoto. Urafiki na jirani utamsaidia, lakini huo si tiba ya tatizo hilo.

Halafu nenda kwa mzee peke yako. Usiruke hatua hii. Kwetu salamu ni mzigo mkubwa: mtoto asiyeamkia huhesabiwa hana adabu, na mzee aliyepitwa bila shikamoo huumia moyoni hata kama hatasema. Mweleze waziwazi: "Bibi, kesho mjukuu wako atakuletea sahani. Sauti yake haitoki mbele ya watu. Usimdai salamu, ataitoa akikuzoea." Wazee wengi huelewa papo hapo, na wengine watakuambia kwamba wao wenyewe walikuwa hivyohivyo utotoni. Omba pia ridhaa ya watoto au ndugu wanaoishi naye, maana nyumba ya mzee ina wenyewe.

Adabu haina haja ya kusubiri sauti. Pwani mtoto huweza kuupokea mkono wa mzee na kuubusu, na mzee akajibu "marahaba" kana kwamba shikamoo imetamkwa. Wamasai humfundisha mtoto kuinamisha kichwa ili mkubwa amguse utosini. Mfundishe mtoto wako ishara inayokubalika kwenu, aifanyie mazoezi nyumbani kwa bibi yake au kwa shangazi. Mtoto anayejua la kufanya kwa mikono yake anapofika mlangoni hufika akiwa na nusu ya hofu.

Sahani inayozunguka

Kutumwa ndiyo njia yetu ya asili ya kumtoa mtoto ndani. Mtoto aliyetumwa hana haja ya kujieleza. Kitu alichobeba kinajieleza. Ramadhani ukiwa Tanga, Unguja au Lamu utawaona jioni, dakika chache kabla ya magharibi, watoto wakivuka njia na sahani zilizofunikwa kwa kawa: tambi, viazi vitamu, kaimati. Hawazungumzi na mtu. Wanagonga, wanatoa, wanarudi mbio ili wasikose adhana.

Ukitafuta mwanzo mzuri, tumia mwezi huo, au Krismasi, au siku yoyote uliyopika kitu cha kugawa. Na ujue uzuri wa desturi yenyewe: sahani ya jirani hairudishwi tupu. Bibi atakaa nayo siku mbili, kisha ataiwekea ndizi au ubuyu na kusema mtoto aje kuichukua. Safari ya pili imejipanga bila wewe kutia neno. Ndiyo maana nakusihi utumie sahani ya udongo au bakuli la maana, usitumie mfuko wa plastiki. Mfuko hautakiwi kurudi kwenu.

Safari hizi za mwanzo ziwe fupi. Mtoto akirudi usimhoji. "Alisemaje? Ulimjibu?" ni maswali yanayogeuza matembezi kuwa mtihani. Pokea sahani, sema "ahsante, umenisaidia", uendelee na shughuli zako.

Kazi ya mikono miwili

Baada ya sahani kuzunguka mara kadhaa, tafuta kazi. Nayo iwe kazi ambayo mzee anaihitaji kweli. Watoto wanajua kazi ya kubuniwa, na wazee wanajua upesi zaidi wanapofanyiwa huruma.

Mtaani kwetu Tanga kuna bibi anayepinda kanga za watu kwa mkono. Mshono wake ni mdogo na umenyooka, ila tundu la sindano halioni tena. Jirani yake ni binti wa miaka minane ambaye mbele ya wageni sauti humkauka. Jioni moja mama yake alimtuma kwa maagizo mafupi: "Kamtungie bibi uzi, urudi." Binti aliketi ukingoni mwa mkeka, akailowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaisokota kwa vidole viwili, akaipitisha. Bibi akampa sindano ya pili. Hakuna aliyesema kitu. Baadaye wakajiwekea utaratibu wao: kila jioni binti hutunga sindano kadhaa na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji ya godoro, kila moja na uzi wake, ili asubuhi yeye akiwa darasani bibi aendelee kushona. Neno la kwanza alilomwambia bibi lilikuwa jibu la swali la kikazi. "Umeniwekea ngapi?" "Nane."

Tazama kilichofanyika hapo. Macho ya wote wawili yalikuwa kwenye sindano, kwa hiyo hakuna aliyemkazia mwenzake macho. Kazi ilikuwa na mwisho, hivyo binti alijua ataondoka lini, na kwa mtoto mwenye haya kujua mwisho wa matembezi ni nafuu kubwa. Tena alikuwa anafanya jambo ambalo bibi mwenyewe hawezi. Mtoto ambaye kila mahali husikia kwamba amepungukiwa, hapa alikuwa na kitu cha kutoa.

Kazi za namna hii zimejaa majumbani. Kuchambua mchele, kwa sababu macho ya mzee hayaoni tena vijiwe. Kumenya karanga. Kuchambua mchicha barazani. Kusoma tarehe kwenye kadi ya kliniki. Bibi anayesuka ukili anaweza kumwachia mtoto kupanga miyaa kwa rangi, kisha baada ya muda kumwonyesha mkono wa kwanza wa kusuka. Hapo mambo yanageuka: sasa anayejua ni mzee. Pigania sana ufike kwenye hatua hii. Mzee aliyekuwa mkunga, mvuvi au fundi amekaa miaka bila mtu wa kumwuliza namna ya kufanya jambo. Akipata mwanafunzi mmoja mtulivu, siku yake inapata umbo.

Kwa babu, bao linatosha. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, na huchezwa kwa awamu mbili, namua na mtaji. Mchezo wenyewe ni mgumu, lakini wanaoanza wanalo bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na watu huanza kucheza moja kwa moja. Saa nzima inaweza kupita bila neno zaidi ya kete kugonga ubao. Msichana naye afundishwe kama anataka. Angalizo langu ni moja: wakati wa jioni barazani hujaa watazamaji wanaozomea na kushauri kwa sauti, na mtoto mwenye haya hatacheza mbele yao. Mpeleke saa ambayo babu yuko na ubao wake tu.

Sauti itakapokuja

Mtoto akianza kuongea, mtakutana na kikwazo ambacho wengi hawakitarajii. Uzee huanza kuchukua sauti nyembamba kabla ya nene. Sauti ya mtoto ni nyembamba, na ya mtoto mwenye haya ni nyembamba na ndogo. Herufi kama s, f, sh na t hufifia kwanza, kwa hiyo bibi husikia vokali zikipita lakini neno halikamati. Atasema "Ee?" mara mbili, mtoto atadhani amekosea, na atanyamaza tena kwa wiki kadhaa.

Zuia hilo mapema. Mwambie mtoto: bibi hasikii vizuri sauti ndogo, akisema "Ee?" anataka tu urudie. Mfundishe kukaa upande wa sikio linalosikia, karibu kiasi cha kunyoosha mkono, uso wake ukiwa kwenye mwanga ili bibi aone midomo. Redio izimwe. Kupiga kelele hakusaidii, kwani huvuruga maneno. Kusema polepole kunasaidia.

Kama bado maneno ya kawaida ni mazito, kuna vitendawili. Sijui mlango mzuri zaidi ya huu kwa mtoto mkimya, kwa sababu maneno ya kuingilia yamekwisha kutayarishwa na hayana haja ya kubuniwa. Bibi anasema "Kitendawili!" na mtoto anajibu neno moja, "Tega!" Akishindwa, bibi anadai mji, na mtoto anampa mji wowote anaoujua: Pangani, Moshi, Kigoma. Bibi anakwenda Pangani, anaeleza alichokula na alichokiona huko, ndipo anatoa jibu. Baada ya siku chache mtoto ataanza kushindwa makusudi ili ampeleke bibi mbali zaidi. Kisha atataka kutega yeye. Mlangoni mwa hadithi napo ni hivyohivyo, "Paukwa" ina "Pakawa" yake.

Utani, milango na siri

Kwa makabila mengi ya kwetu babu na bibi hutaniana na wajukuu. Babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", bibi humwita wa kiume "mume wangu", na watu hucheka. Ni desturi ya upendo, lakini mtoto mwenye haya huungua kwa utani huo, hasa ukifanywa mbele ya watu. Mwombe mzee autafutie utani mahali pengine. Simba na Yanga wanatosha kwa mwaka mzima. Kama mtoto anachukia kuitwa mchumba, aitwe kwa jina lake.

Hapa nasema bila kuzunguka, kwa sababu mtoto mkimya ndiye ambaye mtu mbaya humchagua. Ushirika wao uwe mahali pa wazi: barazani, uani, ukumbini mlango ukiwa wazi, mahali ambapo mpita njia anaona. Mtoto ajue kwamba hakuna siri kati ya mtoto na mtu mzima, hakuna zawadi ya kuficha, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumgusa sehemu za siri hata kwa mzaha. Ajue kwamba akisema "leo sitaki kwenda" hataulizwa mara mbili na hataitwa mkosefu wa adabu. Pita pale bila taarifa, mara moja moja. Mzee mwema hatachukia. Wengi wao ndio waliotulea kwa sheria hizihizi. Ukiona mtoto amebadilika ghafla, anaogopa njia ile au analala vibaya, msikilize kwanza kabla ya kumtetea yeyote. Namba 116 ni ya simu ya bure ya kumsaidia mtoto, Tanzania na Kenya pia.

Fedha nazo ziwekewe mpaka. Wazee wengi huhitaji msaada wa kusoma ujumbe wa simu, na mtoto wa darasa la tatu anauweza. Lakini mtoto asiijue namba ya siri ya mzee, asimtolee pesa kwa wakala, asitunze akiba yake. Unguja na Pemba, ambako tangu 2016 mzee aliyetimiza miaka 70 hupata pensheni jamii, na kwingine ambako wana hutuma fedha kwa simu, shilingi elfu kumi ikipotea swali la kwanza litamwangukia mtoto wa jirani. Tuhuma hiyo hata ikifutwa, mtoto wa namna hii harudi tena.

Watakapomwita mchawi

Siku moja mtoto wako atarudi kutoka mchezoni na kuuliza kama ni kweli bibi ni mchawi. Usicheke, na usimkemee tu anyamaze. Mjibu.

Maneno haya yameua watu. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania vikongwe wamekatwa mapanga, na ushahidi mmojawapo dhidi yao ulikuwa macho mekundu. Macho yale yaliletwa na miaka ya kupuliza moto wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, jikoni pasipo na dirisha. Kilifi nchini Kenya wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana ugomvi wa shamba. Mtoto wa miaka minane anaweza kuelewa hayo ukimweleza kwa lugha yake: moshi huumiza macho, mgongo hupinda kwa kazi za kuinama, na mtu anayeishi peke yake huongea peke yake kwa sababu hana wa kuongea naye.

Mwulize yeye mwenyewe ameona nini kule. Mtoto anayemtungia bibi uzi ni shahidi. Amekaa kwenye mkeka ule, amekunywa chai ile, anajua bibi anaogopa nini na anapenda nini. Usimlazimishe kwenda kuwabishia wenzake, hilo si jukumu la mtoto mkimya. Jukumu ni lako. Nenda kwa mzazi wa mtoto aliyelianzisha neno hilo, na kama limefika kwa watu wazima, mfikishie mwenyekiti wa mtaa au mzee wa nyumba kumi mapema, kabla halijapata miguu.

Mzee akianza kupungua

Hadithi zitajirudia. Daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika mwaka 1963 kwamba kurejea maisha yaliyopita ni kazi halisi ya uzeeni, mtu akiyapanga upya aliyopitia. Mtoto mwenye haya ni msikilizaji bora kuliko sisi, kwa sababu hana haraka ya kudakia. Lakini bibi akianza kumsahau jina, au kumwita kwa jina la mwanawe aliyefariki, mweleze mtoto kwamba ni kumbukumbu inayochoka na kwamba hakukosea kitu. Ajitaje jina lake kila anapofika, bila kuuliza "unanikumbuka?"

Na tahadhari ya hatari ambayo wema wetu huificha: mtoto asigeuzwe mlezi. Kumwogesha mzee, kukumbuka dawa zake, kulala kwake ili asiwe peke yake usiku, hizo ni kazi za watu wazima. Ukigundua kwamba mtoto anaogopa kwenda kucheza kwa sababu bibi atabaki peke yake, ujue mzigo umemlemea. Waite wana wa mzee, waite majirani, mgawane zamu. Mtoto abaki na sindano zake na vitendawili vyake.

Kifo kikija, usimwambie mtoto kwamba bibi amesafiri. Atamngoja. Wala usimwambie amelala, maana ataogopa kulala. Mwambie bibi amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, na hatarudi. Mpeleke msibani kama anataka kwenda, na umpe kazi, kwa sababu ndivyo alivyoingia nyumba ile: agawe maji, apange viatu, akae karibu na akina mama. Waambie wafiwa huyu alikuwa nani kwa marehemu, kwani wana waliotoka mbali huenda hawajui, na mara nyingi hushukuru sana kusikia. Akitaka kubaki na kitu cha kumbukumbu, waombe wenye mirathi, usichukue tu. Usimtafutie bibi mwingine upesi. Na maswali atakayokuuliza usiku ule yajibu usiku uleule, hata kama wageni wamejaa uani.